Kipa mmoja, wakubwa watatu: kisa cha safari ya Lubumbashi hadi Kolwezi

Kipa wa kisa hiki ana miaka 12, anakaa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, na kila anapodaka penalti hukaa kitako na kurukaruka hivyo hivyo kama Kidiaba, kipa wa TP Mazembe, alivyofanya Abu Dhabi mwaka 2010, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Timu yake ya mtaa ilialikwa Kolwezi mwezi wa saba, kwenye mashindano ya Jumamosi na Jumapili ya watoto wasiozidi miaka 13. Mama yake, muuza kapenta (dagaa wakavu) wa soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, alifunga meza yake akasafiri naye. Walirudi wazima wote wawili. Kombe halikuja, na kwa muda mrefu mama na kocha walikuwa wakipishana njiani bila salamu.

Kamati ya wazazi iliniomba nikiandike kisa hiki kwa sababu kila upande ulikuwa unakisimulia kivyake, na timu inataka kusafiri tena. Nimemsikiliza mama, nimemsikiliza kocha, nimeongea kwa simu na shangazi wa Kolwezi, na wazazi wawili waliokuwa ndani ya basi. Majina nimeyaacha. Watu wa Katuba watajuana.

Mtaani kisa kinasimuliwa kuanzia mwisho: mama aliingia uwanjani akamtoa mtoto, timu ikafungwa. Ukianzia hapo hutaelewa kitu. Inabidi kurudi Ijumaa.

Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilomita 300 na kidogo, kwa njia ya Likasi na Fungurume. Gari dogo likitoka alfajiri, mchana limekwisha fika. Basi la kukodi lililobeba watoto, sufuria, magodoro na mifuko ya unga ni habari nyingine. Halafu hii ndiyo barabara inayoteremsha shaba na kobalti ya jimbo la Lualaba kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Malori yakipanga foleni kwenye kituo cha kulipia barabara, au moja likiharibika kwenye mlima, ustadi wa dereva haukusaidii. Basi lilipangiwa kuondoka saa 11 alfajiri. Liliondoka saa 4 kasoro asubuhi, kwa sababu pesa za mafuta zilingoja michango ambayo baadhi ya wazazi waliileta asubuhi ile ile, mmoja wao akiwa na noti ya dola iliyochanika pembeni, na muuza mafuta akaikataa. (Sote tunajua noti ya namna hiyo haipiti. Na bado kila safari ipo moja.) Foleni ya malori ikaongeza yake, gurudumu likapasuka mbele ya Fungurume, na watoto wakaingia Kolwezi saa 2 usiku, wana njaa, kwenye uwanda ulio zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba. Wasioujua ubaridi wa Kolwezi mwezi huo wamuulize aliyelala huko bila blanketi.

Timu ilipewa darasa la shule: madawati yamesukumwa ukutani, magodoro ya sponji juu ya saruji. Getini alikuwepo shangazi wa mtoto, dada mkubwa wa baba yake, na taksi iliyokuwa ikimngoja tangu jua kuzama.

Maneno aliyomwambia mama yalikuwa haya, na yeye mwenyewe hayakani: "Wifi, mtoto wa kaka yangu alale kwenye saruji na mimi nina nyumba hapa? Watu watasema nini?" Akauliza na swali jingine ambalo katika masimulizi ya Katuba limesahaulika kabisa: "Na usiku nani analala nao?" Hakuna aliyekuwa na jibu tayari. Kocha alikuwa anatafuta maji. Vijana wawili wanaomsaidia walikuwa wanashusha sufuria. Mama akamwendea kocha akasema, "Shangazi yake amekuja na taksi." Kocha akasema, "Sawa, mama. Kesho saa 3 uwanjani." Taksi ikaondoka.

Nakaa kidogo kwenye maneno hayo mawili matatu kwa sababu mengine yote yametoka humo. Mama anasema aliomba ruhusa na akapewa. Kocha anasema aliarifiwa tu, na mama mtu mzima aliyekwisha kuamua huwezi kumzuia getini saa 2 usiku mbele ya wifi yake. Nikiyasoma maneno yenyewe, wote wawili wanasema kweli. Mama hakuuliza swali, na kocha hakutoa jibu.

Je, mama angeweza kukataa? Wazazi wawili vijana waliniambia angeweza, ni suala la msimamo tu. Mimi nadhani wamesahau wanaishi wapi. Mke hamkatalii dada mkubwa wa mume wake kitanda cha mtoto ambaye, kwa hesabu ya ukoo, ni mtoto wa shangazi huyo pia. Angekataa Ijumaa, Jumapili simu ingefika Lubumbashi kwamba mke wa kaka yetu anatuona sisi si watu. Aliyekuwa na uwezo wa kukataa bila kuvunja kitu ni baba wa mtoto. Alikuwa amebaki Katuba na wadogo wa kipa. Simu moja ya kaka kwa dada, siku mbili kabla: "Dada, mtoto atalala na wenzake mpaka mechi ziishe, halafu atakuja kwako akusalimie vizuri." Nilimuuliza kwa nini hakupiga. Akajibu kwamba mambo ya mpira anamwachia mama. Lakini jambo hili halikuwa la mpira.

Na kuna kitu cha pili ambacho kingemkinga mama: kanuni ya timu iliyoandikwa. Timu haina hata ukurasa mmoja. Kanuni ya namna hiyo faida yake kubwa ni kumpa mzazi mahali pa kujificha. "Wifi, mimi ningependa, lakini timu inakataza, angalia karatasi hii." Shangazi angenung'unika dhidi ya karatasi, na karatasi haina ukoo.

Kwa shangazi mtoto alipokewa kama anavyopokewa mtoto wa nyumbani. Kuku alichinjwa saa hiyo hiyo, bukari (ugali) ikasongwa, sombe (kisamvu) ikapashwa moto, sala ikasaliwa, majirani wakaja kumwona mtoto wa Lubumbashi anayecheza mpira, binamu zake wakamtaka awaonyeshe namna ya kuruka. Alilala usiku wa manane. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi. Alipata kama 6. Simtupii shangazi lawama. Alifanya kazi ya shangazi, na aliifanya vizuri. Ila nyumba inayopokea mgeni na nyumba inayomlaza mchezaji hazina ratiba moja.

Usiku huo huo waandaaji walibadilisha saa. Timu moja ilikuwa bado njiani, hivyo mechi ya Katuba ikavutwa kutoka saa 3 hadi saa 1 na nusu. Kocha akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, akalala. Mtaani kwa shangazi umeme ulikuwa umekatika, simu ya mama imezimika tangu njiani. Walifika uwanjani saa 2 na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya muda waliopewa, wakakuta wenzao wanavua viatu. Timu ilikuwa imefungwa mawili kwa sifuri, na kipa wa pili amevimba kidole.

Tuna methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Wengi wameitumia kwenye kisa hiki, na nadhani haifai. Kati ya saa 3 usiku na saa 2 na nusu asubuhi chombo hiki hakikuwa na nahodha hata mmoja. Kocha aliamini mama ana simu. Mama aliamini kwamba kukiwa na mabadiliko kocha atamtafuta. Shangazi aliamini mama anajua ratiba. Kila mkubwa alimwona mtoto yuko mikononi mwa mkubwa mwingine. Kocha asingeweza hata kumtuma mtu, kwa sababu hakuna aliyeandika shangazi anakaa avenyu gani. Na kuna jambo dogo ambalo lingeleta balaa hata kama umeme ungekuwepo: hati ya kuzaliwa ya kipa ilikuwa ndani ya mkoba wa mama, na waandaaji walikagua umri wa kila mtoto kabla ya mechi ya kwanza. Nakala za hati zote zinapaswa kukaa kwenye bahasha moja kwa kocha kabla basi halijawaka.

Sasa kosa la kocha, ambalo mtaani halitajwi. Aliwapanga watoto mstari, akamwambia kipa mbele yao: "Wenzako wamelala chini, wewe umelala kwa shangazi." Mtoto hakuchagua pa kulala. Hakuchagua saa ya kuamka, wala hakuwa na simu. Kama kocha alikuwa na neno, neno hilo lilikuwa la mama, pembeni, na kwa heshima. Kumpitishia mtoto hasira ya wakubwa ni njia rahisi kwa sababu mtoto hajibu. Kipa huyu hakujibu. Mama anasema alikaa juu ya begi lake mpaka mchana bila kula.

Mechi ya pili ilianza saa 9 alasiri. Kipa wa pili alianza na kidole chake kimefungwa kitambaa. Ubao ukiwa moja kwa moja, kidole kikamshinda, na kipa wetu akaingia. Alidaka vizuri, kila mtu anakubali. Kisha ikaja krosi, akatoka kuifuata chini, na goti la mshambuliaji likampiga kichwani, ubavuni juu ya sikio. Alilala kidogo, akainuka, akavaa glovu iliyokuwa imemvuka. Mama alikuwa nyuma ya goli. Akamsikia akimuuliza beki wake, "Tuko ngapi?" Akajibiwa moja kwa moja. Baada ya muda mfupi akauliza tena, "Tuko ngapi?"

Mama akaingia uwanjani.

Kocha: "Mama, tafadhali, hapa uwanjani ni mimi."

Mama: "Uwanja ni wako, kocha. Kichwa ni cha mtoto wangu."

Akamshika mkono akatoka naye. Mchezaji wa kati akavaa glovu, timu ikafungwa matatu kwa moja, mashindano yakaishia hapo. Kwenye mstari wazazi wakaanza kuunganisha: asubuhi amemchelewesha, mchana amemtoa, huyu mama amekuja kutuharibia.

Hapa sitazunguka. Kuhusu kichwa, mama alikuwa na haki yote. Mtoto aliyegongwa kichwani halafu akauliza kitu kile kile mara mbili, anatoka. Miongozo ya kimataifa ya michezo kuhusu majeraha ya kichwa inakubaliana juu ya hili: ukiwa na shaka tu, mchezaji anatolewa na harudi siku hiyo, hata akisema amepona, hata ikiwa fainali. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujatulia unaweza kudhurika vibaya zaidi, na kwa watoto uangalifu unahitajika zaidi, kwa kuwa hukawia kupona kuliko watu wazima. Mtoto akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kumuuma, akilegea na kuwa mgumu kuamka, maneno yakimchanganya, mboni za macho zikiwa hazilingani, au akipata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kocha anajitetea kwamba alimuuliza, na mtoto akasema, "Niko sawa." Namwamini. Lakini fikiria ni mtoto gani aliyeulizwa. Ni mtoto aliyeaibishwa asubuhi mbele ya wenzake kwa kosa lisilo lake, na amesubiri mchana kutwa nafasi ya kuonyesha kwamba yeye si wa kulala kwa shangazi. Mtoto huyo atasema yuko sawa hata akiona mipira miwili. Maneno ya asubuhi yalimwondolea kocha chombo pekee alichokuwa nacho cha kumpima: neno la mtoto mwenyewe.

Mama naye alikuwa amepoteza kitu asubuhi. Alipoingia uwanjani, kocha hakumwona mama aliyesikia swali limerudiwa. Alimwona yule yule wa taksi ya jana, amekuja kuamua tena. Angekuwa amelala darasani na wengine, amewapikia uji, nadhani kocha angemuuliza, "Umeona nini, mama?" Kuchelewa kwa asubuhi na kutolewa kwa mchana ni mambo mawili, na ni makosa kuyapima pamoja kama wazazi walivyofanya. Ila la kwanza ndilo lililofanya la pili lisisikike.

Ajabu ya kisa ni kwamba nyumba iliyoleta matatizo Ijumaa ndiyo iliyookoa Jumamosi. Shangazi anakaa karibu na kituo cha afya na muuguzi wa zamu anasali naye. Mtoto alipimwa bila kungoja. Shangazi alitaka akeshe macho usiku mzima, kama wengi wetu tulivyofundishwa nyumbani. Muuguzi, baada ya kumwangalia, akasema aachwe alale na aamshwe mara kadhaa kuona kama anajibu sawasawa, asipewe aspirini, na mpira asiuguse. Jumatatu alipimwa tena akaruhusiwa kupanda basi na wenzake. Alirudi mazoezini polepole: kwanza kutembea, kisha kukimbia peke yake, kisha mpira bila kugongana, na ndipo golini.

Kanuni niliyoipendekeza kwa kamati ni hii: mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake uwanjani, hana haki ya kumwingiza. Kuingiza, nafasi ya kucheza, dakika ngapi, hayo ni ya kocha peke yake, na mzazi akiyagusa aondolewe kwenye mstari. Kumtoa ni haki ya mzazi, na asiulizwe sababu. Kocha alipinga kwa hoja nzuri: watatokea wazazi watakaomtoa mtoto kwa hasira, kwa sababu amechezeshwa beki na wao wanataka mshambuliaji. Ndiyo maana kanuni ina mkia: mtoto aliyetolewa na mzazi harudi siku hiyo. Mwenye hasira atafikiri mara mbili, kwa sababu atakayekosa mechi ni mtoto wake. Mwenye hofu ya kweli hatajali, kwani hata hivyo hakutaka arudi. Kocha akakubali. Kwa mtoto asiyesafiri na mzazi, ambao ndio wengi, haki hiyo itashikwa na mzazi mmoja aliyetajwa kwa maandishi yaliyosainiwa na baba au mama wa mtoto.

Kuhusu kulala, mama mwenyewe ndiye aliyependekeza: paa moja mpaka mechi ya mwisho ya timu. Ndugu wanakaribishwa kuleta chakula shuleni kabla ya saa 12 jioni, kiwatoshe watoto wote au kisiletwe. Swali la shangazi, nani analala nao, limepata jibu kwenye karatasi: watu wazima wawili, mmoja wao mama, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, na katika nchi yetu hilo lina maana kwa kila anayelaza watoto wa wenzake, awe mwalimu, padri au kocha. Mabadiliko ya saa yatapelekwa kwa sauti, na asiyejibu simu atatumiwa mtu.

Mama aliomba pia mzazi mmoja akae kwenye benchi la timu. Kocha alikataa na mimi niko upande wake. Benchi lina joto lake, na mzazi akikaa hapo kwa nusu saa anaanza kupanga timu.

Lililobaki ni deni. Mfuko wa dharura haukuwepo, kila faranga ya mchango iliishia kwenye mafuta na unga, na kituo cha afya alilipa shangazi. Baba wa mtoto anasema tukimrudishia dada yake pesa tutamtukana. Mama anasema yeye ameongea na wifi yake, na wifi anangoja. Mweka hazina ameandika kiasi hicho kwenye daftari, kitapelekwa kwa M-Pesa kabla ya safari ya Likasi, na baba ameombwa asipige simu yoyote kuhusu jambo hilo.